Tanuri la migebuka linaloa kila mvua zikianza: nifanyeje?

SWALI: Hujambo fundi. Mimi nabanika migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma, si mbali na mwalo. Tanuri langu ni la matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo, urefu mita 2, upana mita 1, na lina midomo miwili ya kuni. Liko nje, halina paa. Mvua zilipoanza nilinunua turubai la plastiki, nikawa nalifunika kila jioni nikimaliza kazi. Sasa turubai limeyeyuka upande mmoja, ukuta umepasuka juu ya mdomo wa kushoto, waya za trei zinaota kutu, na kuni zinakwisha upesi kuliko kiangazi. Wengine wananishauri nilipige lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Wengine wanasema nilijenge upya ndani ya jiko la nyumbani. Nifuate lipi?

JIBU: Shikamoo mama. Usifuate hata moja, na hilo turubai pia liache. Tanuri lako linataka banda la kusimama juu yake. Ukilivika nguo, iwe turubai, rangi au saruji, unayafungia maji ndani ya ukuta, na maji yaliyo ndani ya ukuta ndiyo yanayokupasulia tanuri na kukumalizia kuni.

Nianze na kuni, maana hapo ndipo hela yako inapopotelea. Tofali la kuchoma la kienyeji lenye uzito wa kilo 3 linaweza kunywa karibu nusu lita ya maji. Chukulia tanuri lako lina matofali 150. Likilowa sawasawa, umebeba lita 75 ukutani kabla hujapanga samaki hata mmoja. Kuyachemsha maji hayo mpaka yaishe kunahitaji joto la kilo 12 hivi za kuni kavu, na hapo nahesabu kana kwamba joto lote linaingia ukutani. Kwa kweli sehemu kubwa hupotea hewani, kwa hiyo kuni zinazoteketea ni nyingi zaidi ya hizo. Wewe unadhani unabanika migebuka, kumbe asubuhi nzima unakausha ukuta.

Ufa nao umetoka huko huko. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na tofali lililoloa likipigwa na moto mkali halina pa kuutolea huo mvuke upesi. Juu ya mdomo ndipo moto unapoanzia, ndiyo maana pameachia hapo kwanza. Niliwahi kuitwa mahali ambapo kikundi cha akina mama kiliwasha moto mkubwa baada ya mvua ya siku tatu, kwa sababu samaki walishafika na walikuwa wanaanza kulegea. Tofali la juu ya mdomo lilipasuka, trei zikainama, nusu ya mzigo ukaangukia motoni. Ule ulikuwa mtaji wa watu sita, na haukurudi.

Sasa turubai. Plastiki ya aina hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hadi 130, na tanuri lililotoka kufanya kazi lina sehemu zenye joto kupita hapo. Ikishika kwenye tofali au waya, kesho yake inafuka moshi wake juu ya samaki, na samaki huyo analiwa na watoto. Hata ukingoja tanuri lipoe kabisa, jasho la ukuta linagota chini ya plastiki na kurudi palepale. Rangi ya mafuta ina kosa hilo hilo. Saruji haitanuki na kusinyaa sawa na udongo kila ukiwasha na kuzima, kwa hiyo itaachia na kupasuka, kisha maji yataingia nyuma yake na kukaa.

Kuhusu kulihamishia ndani ya nyumba: hapana, mama. Moshi wa saa nyingi ndani ya chumba unaharibu kifua na macho, na kuna hewa ya mkaa isiyo na harufu inayoua mtu amelala. Tanuri libaki nje.

Banda lenyewe si kubwa. Bati sita za mita 3, za migongo, zinatosha kufunika eneo la mita 4 kwa karibu mita 3. Chagua geji 28 ukiweza, ni nene kuliko 30. Usiezeke kwa nyasi wala makuti ya mchikichi. Cheche moja tu inatosha. Paa liwe la mteremko mmoja: upande wa chini mita 2, upande wa juu mita 2.7. Na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wanatengeneza paa zuri, wanaacha pande zote wazi, halafu wanashangaa tanuri bado linaloa. Mvua ya upepo haishuki wima. Ikija kwa kulala, kiasi cha mita 1 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka, inapita chini ya ukingo wa paa wenye urefu wa mita 2, na kwa kuwa tanuri liko mita 1 tu kutoka ukingoni, inalowesha ukuta wote kuanzia kimo cha mita 1 kushuka chini. Kwa hiyo upande wa chini wa paa uelekeze kule mvua inakotokea. Wewe unaishi hapo, unakujua kuliko mimi. Upande huo uzibe kwa bati kuanzia chini hadi kwenye paa. Upande wa juu uache wazi kabisa: moshi utapanda na mteremko na kutokea huko, midomo ya kuni itazame huko, nawe utafanyia kazi huko bila upepo kukurudishia moto usoni.

Jambo moja ambalo watu huligundua baada ya kuharibikiwa. Bati likipigwa na mvua hupoa, moshi na mvuke vikaganda chini yake, na matone meusi yakadondokea samaki. Trei ya juu kabisa iwekee kifuniko cha mbao au bati, hata kama paa lipo.

Usisahau maji ya chini. Udongo ulioloa hupandisha maji kwenye tofali kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa, na paa haliyazuii. Kwa tanuri lililokwisha kujengwa, chimba mfereji kulizunguka banda, wenye kina cha sentimita 20 hivi, upeleke maji ya paa mbali. Siku ukijenga jipya, lianzie juu ya msingi wa mawe wa sentimita 30. Na lisogeze mbali na ufuko. Ziwa Tanganyika lilipanda sana miaka ya karibuni, na wapo waliojenga pakavu wakajikuta majini.

Ufa uzibe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Kwanza chokonoa vumbi lote, nyunyizia maji kidogo, sindilia udongo mpaka ndani, uache ukauke kivulini siku kadhaa.

Majivu yatoe kila siku. Yakiloa yanatoa maji makali kama magadi, na hayo yanakula ile ngozi nyeupe ya zinki inayokinga waya, kisha kutu inaingia. Trei zisugue, zifute, zisimamishe chini ya paa bila kugusa ardhi. Ukipaka waya mafuta ya kupikia kidogo sana na kuzipitisha juu ya moto, kutu itachelewa. Oili chafu ya gari isiguse trei kabisa, hata mtu akikuapia kwamba yeye ndiyo anayotumia.

Mpaka banda liishe, tanuri likiloa liwashe bila trei, moto mdogo, saa 2 au zaidi. Ukiona mvuke umekoma kutoka ukutani, ongeza kuni polepole, ndipo upange migebuka.