Fantasia tulivu inahitaji shida ndogo, ila ya kweli

Msomaji wa fantasia tulivu, yaani hadithi za kichawi zinazohusu maisha ya kila siku badala ya vita vikubwa, hatafuti hadithi isiyo na shida. Anatafuta shida inayoweza kubebwa na mtu mmoja: dari linavuja, unga umebaki kibaba, wageni wako mlangoni. Waandishi wengi huondoa shida zote, halafu wanashangaa msomaji amesinzia ukurasa wa kumi.

Katika Legends & Lattes ya Travis Baldree, iliyotoka 2022, zimwi aitwaye Viv anaacha kupigana kwa malipo na kufungua mgahawa wa kahawa katika mji usioijua kahawa. Je, wateja watakuja? Kurasa kwa kurasa ni banda la farasi linalokarabatiwa, seremala, mwokaji wa mikate. Kwa kuwa tumeliona banda likigeuka mgahawa ubao kwa ubao, wanapotokea wanaodai pesa za ulinzi, tunaogopa kwelikweli.

Ukitaka kuandika ya kwako, anza na kazi ya mikono unayoijua mpaka makosa yake. Tuseme jini anauza kahawa barazani. Anakaanga buni, anaitwanga, anaichemsha kwenye dele juu ya makaa. Shida ya leo ni kashata: shira ikiepuliwa mapema, nazi haishiki, inabaki tope, na zikiachwa zipoe kabla ya kukatwa, kisu kinazivunja vipandevipande. Magharibi inakaribia, wazee wa bao wameshaanza kuketi, na sinia la kwanza limeharibika. Hiyo inatosha kabisa kwa maneno 2,000.

Uchawi usiimalize shida hiyo. Jini akipuliza moto, shira iungue, sukari iwe chungu, naye arudi kuazima nyingine kwa jirani aliyenuniana naye. Kuazima huko ndiko kunakobeba hadithi. Uchawi ni kiungo tu, kama iliki.

Wahusika watatu au wanne wanatosha. Mmoja awe mkorofi, wa kulalamikia bei kila siku, na asibadilike. Wote wakiwa wapole, hadithi inakinaisha kama chai iliyozidi sukari.

Tena, usilete joka sura ya mwisho kwa hofu kwamba hadithi ni ndogo. Mkorofi yule aonje kashata, anung'unike kwamba ni ngumu, kisha achukue ya pili. Weka nukta hapo.