Elimu bure na bima ya watoto zinaleta kura? Nilivyoona huku Mbagala

Mkuu, umeuliza kama serikali ikiongeza likizo ya uzazi na kulegeza bima ya watoto, wazazi watakipa kura chama kilichoko madarakani. Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi huku Mbagala, Dar, miaka kadhaa, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyasikia kwa wazazi wenzangu. Wataalamu watajazia.

Likizo tuimalize haraka. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84, akijifungua pacha 100, baba siku 3. Sasa nitafutie mtaani kwangu nani ana mwajiri wa kumdai hizo siku. Mama lishe akijifungua anafunga banda, akipata nguvu anafungua. Dereva wa bodaboda siku mkewe yuko leba ndiyo anakesha kijiweni, maana kanga, beseni na nauli vyote vinamsubiri yeye. Ongeza siku hata zifike mwaka, huku kwetu hupati kura kumi.

Elimu hukuiuliza, ila nayo inagusa kura, ingawa siyo kwa njia inayosemwa. Kumbuka uchaguzi mkuu wa 2015. Lowassa, mgombea urais wa Chadema, alikuwa anapanda jukwaani anasema kipaumbele chake ni elimu, elimu, elimu. Magufuli wa CCM naye anaahidi elimu bure hadi kidato cha nne. Kama wote wawili wanakupa kitu kilekile, unachagua kwa sera gani? Watu walichagua waliyemwamini kwamba atatekeleza. Magufuli akachukua urais kwa asilimia 58, lakini hapahapa Dar majimbo ya ubunge ya Ubungo, Kawe na Kibamba yakaenda Chadema. (Nimeshika 2015 makusudi. Chaguzi zilizofuata zina ubishi wake mwingine kabisa, tukiuanza hapa hatulali.)

Januari 2016 ada ikafutwa kweli. Lakini ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na shule za msingi zilishafutiwa ada tangu enzi za Mkapa. Kilichokuwa kinamtoa mzazi jasho ni michango, na michango haikufa. Ilijificha kidogo, ikarudi na majina mapya.

Nakumbuka mkutano mmoja wa wazazi, tumekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje chini ya mwarobaini. Mweka hazina anasoma daftari: mlinzi, uji, maji, mitihani ya majaribio. Akasimama mama mmoja muuza mihogo, mtoto mgongoni: "Mwalimu, Rais kasema bure. Hii wewe umeitoa wapi?" Makofi hayo! Mwalimu mkuu akajaribu kueleza kwamba ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na mshahara wa mlinzi haumo. Nani amsikilize. Januari 2018 Magufuli mwenyewe alipopiga marufuku michango mashuleni, yule mama alionekana nabii.

Hapo ndipo utaona siasa yake ilivyo. Sifa ya "bure" inapanda juu kwa Rais, lawama za hela ya mlinzi zinabaki kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa. Wazazi wanaowatukana viongozi wa mtaa hawaoni tabu kusifia chama chao kwenye urais, au kinyume chake. Mgombea mmoja wa uenyekiti wa mtaa aliulizwa na akina mama kama hela ya mlinzi itafutwa. Akajibu kuhusu mitaro. Walimaliza naye siku hiyohiyo.

Bima ni habari nyingine, kwa sababu ile watu walishaionja. Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto ya NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na mwenye kibarua cha kueleweka alijibana akaipata. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, tukaelekezwa kupitia shule. Sasa mtoto ambaye hajaanza shule, na ndiye anayeumwa kila wiki? Sijawahi kusikia akina mama wakiongea siasa kwa hasira kama kipindi kile, tena wengine ni wale wasiokosa sare ya kijani ya CCM kwenye mikutano. Elimu bure mtu ameshaizoea; mzazi aliyeandikisha mtoto darasa la kwanza baada ya 2016 hajui hata ada ilikuwaje, hawezi kukushukuru. Ukimnyang'anya alichokuwa nacho ndiyo anakukumbuka.

Na nikisema akina mama namaanisha akina mama. Kliniki anakwenda yeye, mkutano wa shule anakuja yeye, daftari la mchango linasainiwa naye. Akina baba wengi wa hapa ukiwauliza bei ya ile kadi watakubahatishia, ila usajili wa Simba na Yanga wanakutajia mmoja mmoja.

Kwa hiyo mkuu, kwa swali lako: likizo, hapana. Bima, ndiyo, ikiwa kadi inapatikana kabla ya kampeni na dawa ziwepo dirishani, maana ukimpa kadi halafu akaambiwa akanunue duka la nje, hiyo kura umeipeleka upande wa pili mwenyewe.