Jakaranda zimechanua tena, na makosa ni yale yale

Kila Oktoba miti ya jakaranda ikichanua zambarau Nairobi, utawakuta wachoraji chipukizi kwenye bustani ya miti ya Arboretum na kando ya barabara ya State House, kanvasi mapajani, tyubu ya zambarau mkononi. Inapendeza kuwaona. Sisi hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Mti huu uliotoka Amerika Kusini ndio unaotupa wiki chache za kuuona mji kwa macho mapya, na kwa mchoraji aliyechoshwa na kuta nne za studio sijui dawa bora. Lakini ikifika saa nne asubuhi kazi zimekwama pale pale zilipokwama za mwaka jana. Wadogo zangu, hebu tuelewane.

1. Muda. Saa moja uwe umeshapanga paleti, ubao wako wa kuchanganyia rangi, saa tatu na nusu funga. Oktoba jua la adhuhuri hapa liko karibu utosini, vivuli hujikunja chini ya shina na maua hupauka machoni. Alasiri mvua za vuli zaweza kukukuta. Chora mipaka ya vivuli kwa penseli dakika kumi za kwanza, na vikihama usivifuate. Rudi kesho saa ile ile.

2. Zambarau ya tyubu. Hapa ndipo panapouma, na wengi wetu tuliotangulia tuliangukia hapa hapa. Unaingia dukani, unachagua zambarau inayong'aa kuliko zote, unaipaka ilivyo. Mchoro unatoka mzuri. Mteja anaununua, anautundika sebuleni mkabala na dirisha. Miezi inapita. Waridi iliyomo ndani ya zambarau ndiyo inayokufa kwanza. Inabaki bluu ya kijivu, na mti uliokuwa ukiwaka unafanana na moshi. Mteja hatakupigia simu kulalamika. Atautoa ukutani, na hatanunua kwako tena. Wala huwezi kuurudisha ulivyokuwa: vanishi ya kukinga miale hupunguza kasi tu, tena kwa kazi ambayo bado haijapauka.

Jibu limeandikwa mgongoni mwa tyubu, kwa herufi ndogo ambazo hamzisomi: namba ya pigmenti, yaani kitu chenyewe kinachoipa rangi sura yake. Ukiona PV1 au PV2, hiyo ni rodamini, rangi ya kung'aa isiyostahimili mwanga. PR83, nyekundu iliyokolea iitwayo alizarini, ile ya zamani, nayo iache, hasa kwa rangi za kuongezwa nyeupe. Waridi za kumetameta kama kalamu ya kuangazia maandishi, zirudishe kwenye rafu. Tyubu isiyo na namba yoyote usiichoree kazi ya kuuza.

Na tusidhani ni tatizo la wasiojua. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alifika Arles, kusini mwa Ufaransa, Februari 1888 akakuta theluji. Bustani za matunda zilipochanua alichora kanvasi zipatazo 14 katika muda wa kama mwezi mmoja. Nyekundu aliyoitegemea kwa waridi ilikuwa na eosini, rangi ya kutengenezwa kwa kemikali, na eosini hufifia. Maua ya mlozi aliyoyachora Saint-Rémy, kusini huko huko, mwaka 1890, ambayo leo tunayaona karibu meupe juu ya bluu, yalikuwa na waridi zaidi. Alijua rangi hizo hufifia, akazipaka kwa ukali akitarajia muda uzipoze. Muda ulizipoza kupita kiasi. Yeye hakuwa na mbadala tulio nao sisi.

Mbadala wenyewe ni ultramarini (PB29) na magenta ya kwinakridoni (PR122), waridi iliyokolea inayostahimili mwanga. Anza na sehemu 4 za ultramarini kwa 1 ya magenta, kwa sababu magenta ina nguvu na hummeza mwenzake haraka. Gawa mafungu matatu. La kivuli usilitie nyeupe kabisa. Litie siena ya kuchomwa, ile kahawia ya wekundu, kidogo, kiasi cha punje ya mtama. La kati litie nyeupe sehemu 1. La mwangaza litie nyeupe sehemu 2 au 3 na magenta tone jingine, maana nyeupe ya titani huipooza zambarau na kuivuta kwenye bluu. Nyekundu ya moto, ile inayoelekea machungwa, usiichanganye hapa. Ina njano ndani yake, na njano ikikutana na zambarau unapata tope.

Una shaka na tyubu uliyo nayo? Paka ukanda kwenye karatasi nzito, funika nusu kwa karatasi ya aluminiamu, bandika dirishani penye jua miezi mitatu, kisha funua ulinganishe.

3. Mti si pamba. Jakaranda mara nyingi huchanua matawi yakiwa yamepukutisha majani, kwa hiyo anga hupenya kila mahali. Acha matundu hayo tangu mwanzo. Tena sogea karibu utazame: katikati ya vichala bado yananing'inia maganda ya mbegu ya msimu uliopita, bapa, ya mviringo, kahawia iliyokauka. Matatu au manne tu yakiwekwa mahali pake yanaifanya zambarau iimbe kuliko tyubu nzima ya rangi. Ua mojamoja usilichore ukiwa mbali, chora kichala.

4. Jeso, ule mpako wa kwanza wa kanvasi, ikiwa nyeupe tupu inadanganya jicho. Ipake kwanza oka ya njano, ile njano ya udongo, iliyozimuliwa, iache ikauke.

5. Rangi ya akriliki hukauka paletini kabla hujageuka. Jitengenezee paleti yenye unyevu: trei, sponji yenye maji ndani yake, karatasi ya kuokea juu, na rangi juu ya karatasi.

6. Upepo. Van Gogh kule Arles alikita ardhini miguu ya ezeli, kile kiegemeo cha kanvasi, akapigilia vigingi vya chuma vya sentimita 50 pembeni, akafunga vyote kwa kamba. Begi la mawe chini ya ezeli nalo linatosha Arboretum.

7. Zulia la maua chini ya mti wengi huliacha mwisho, wakati ndilo linaloondoka kwanza. Juani lina waridi, kivulini ni bluu, na kwenye lami tofauti hiyo huonekana wazi. Hufagiwa, au magari yakilipita petali hugeuka kahawia asubuhi hiyo hiyo. Basi anza na zulia, mti utakungoja.