Maswali yenu: kusomesha watoto nyumbani

Barua za safari hii ni nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza jambo moja. Naanza nalo.

Mwalimu, nimeamua kumsomesha binti yangu wa miaka 6 nyumbani. Ninunue mtaala gani?

Usinunue kitu bado. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linakuja vilevile, bila neno hata moja kuhusu mtoto mwenyewe. Anajua herufi? Anaweza kukaa akasikiliza hadithi mpaka mwisho? Keti naye wiki mbili. Msikilize akisoma, tazama anavyoshika penseli, mwulize 8 na 5 ni ngapi, kisha mwulize amepataje. Andika unayoyaona. Hapo ndipo utajua kitabu gani kinamfaa. Wazazi wananiandikia wakiwa na kabati limejaa vitabu na simu imejaa mazoezi ya kuchapisha, na mtoto hajasomewa hata ukurasa mmoja. Kutafuta mawazo mapya kila usiku kunachosha kama kazi, lakini mtoto hapati chochote humo.

Tusome saa ngapi kwa siku? Wenzake shuleni wanakaa mpaka alasiri.

Toa kwenye saa hizo muda wa kupanga mstari, kuitwa majina, kunakili ubaoni na kusubiri darasa zima lisahihishiwe madaftari. Kinachobaki si kingi. Mtoto wa miaka 6 hadi 8 zinamtosha saa moja na nusu mpaka mbili za kukaa mezani, tena kwa vipande vifupi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye njia yake bado inafuatwa na familia nyingi zinazosomesha nyumbani, hakutaka kipindi cha mtoto mdogo kizidi dakika 20. Mtoto akijua kipindi ni kifupi, anakaza akili.

Jambo lingine la kuchukua kwake ni kusimulia. Soma ukurasa mara moja, funga kitabu, mwambie, "Haya, nisimulie." Usimkatize kumsahihisha, mwache amalize. Utajua kilichoingia na kilichopita pembeni, bila karatasi yoyote ya maswali.

Programu za kwenye tableti zinatosha kumfundisha kusoma?

Hazitoshi. Programu haioni kwamba mtoto anabahatisha neno kwa kutazama picha. Wewe uliyekaa naye unaona.

Mwanangu wa miaka 8 amefanya mazoezi karibu 200 ya kutoa na bado anakosa. Nahisi ni uvivu. Nimeambatanisha ukurasa wa daftari lake.

Ahsante kwa ukurasa huo, maana ndio unaomtetea. Ameandika 52 – 27 = 35, kisha 41 – 18 = 37, kisha 63 – 39 = 36. Tazama vizuri. Kila mara anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2, anaandika 5, 5 toa 2, anaandika 3. Mtoto mvivu angekosea ovyoovyo. Huyu ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu; kanuni ndiyo mbovu. Mazoezi 200 yamemzoeza kosa.

Nami nilifanya hivyohivyo kwa mwanangu wa kwanza. Nilimwongezea mazoezi mpaka akawa analia akiliona daftari, na hadi leo naumia nikikumbuka.

Weka daftari kando. Chukua vijiti, fungeni pamoja mafungu ya kumi kumi. Mwambie aweke 52: mafungu matano na vijiti viwili. Sasa mwombe akupe 27. Atatafuta vijiti saba, ataona viwili tu, atakutazama. Nyamaza. Ugumu wa somo zima uko kwako hapo, kunyamaza. Mwishowe atafungua fungu moja mwenyewe, atakuwa na vijiti 12, atakupa saba, vitabaki vitano. Kisha atatoa mafungu mawili, yabaki mawili. 25. Fanyeni hesabu nne au tano kwa siku, wiki nzima, ndipo mrudi kwenye daftari, naye aandike kila hatua mikono inapoifanya. Neno "kukopa" litaje mwishoni, akishajua ni kitu gani.

Na usimwite mvivu mbele ya nduguze.

Nina wawili, wa miaka 7 na 11. Nitajigawaje?

Hesabu na kusoma, kila mmoja kwa wakati wake. Historia, sayansi na hadithi, pamoja: mkubwa aandike aya, mdogo achore na kusimulia.

Sheria inaruhusu?

Nchi gani? Hukusema. Ujerumani hairuhusu, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikataa kesi ya familia iliyopinga katazo hilo. Ufaransa inadai kibali tangu 2022. Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake. Soma sheria ya hapo ulipo kabla ya kumtoa mtoto shule, na taarifa yoyote unayotakiwa kuipeleka, ipeleke kwa maandishi ubaki na nakala.

Binti yangu ana miaka 15 na anataka kufanya mtihani wa taifa. Inawezekana?

Mahali pengi inawezekana, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kupitia kituo kinachokubali watahiniwa wa nje. Wengi huchelewa. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, na masomo ya sayansi yanaweza kuwa na karatasi ya vitendo inayohitaji maabara. Uliza kituo mapema: wanapokea watahiniwa wa kemia na biolojia? Maabara ataitumia lini, na nani atamsimamia? Pata majibu kwa maandishi. Wakisitasita, tafuta kituo kingine sasa, akiwa bado na mwaka mzima mbele yake.