Kompyuta ya Linux inaganda ukifuta mafaili: usipige fomati ya tatu

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Wete. Nimekufahamu hivi: laptopu yako ina Ubuntu, aina moja ya Linux, inacheza video na kufungua mafaili bila tabu, lakini ukifuta folda kubwa tu, mshale unasimama, saa ya juu inasimama, halafu baada ya dakika mbili tatu mambo yanarudi kama hapajatokea kitu. Umeshapiga fomati mara mbili na hali ni ile ile. Ya tatu usipige. Mie yalinikuta haya haya, nikapoteza pesa kabla ya kupoteza ujinga.

Mie nahariri video za harusi, kibanda changu kipo Mlandege. Harusi moja yenye kamera mbili hainipungukii gigabaiti 150. Mwenye shughuli akishachukua kazi yake na mwezi ukapita bila malalamiko, nafuta. Hapo ndipo kompyuta ilipokuwa ikiniganda. Kwanza nilishuku memori, nikenda Darajani kununua nyingine. Wapi! Fundi mmoja akanambia Linux si ya watu wa kazi, nirudi Windows. Nikamlipa na ya kuangalia.

Kosa langu nilidhani kufuta ni kazi nyepesi kuliko kuandika. Kumbe kufuta nako ni kuandika. Ukifuta faili, yaliyomo hayaguswi. Mfumo wa mafaili unafungua madaftari yake, unalitoa jina kwenye folda, unaandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi, na yote hayo yanapita kwanza kwenye jornali, daftari la kuandikia mabadiliko kabla hayajafanywa, ili umeme ukikatika pasiharibike kitu. Ndiyo maana diski inaweza kusoma vizuri kutwa nzima ikakwama kwenye kufuta tu. Na ujue kwamba ukibonyeza Delete kwenye dirisha la mafaili, hujafuta. Umehamishia ~/.local/share/Trash, au kwenye folda iliyofichwa ya .Trash-1000 kama ni diski ya nje. Kwa hiyo tazama vizuri: inaganda ukitupa, au inaganda ukimwaga taka? Ikiwa ni wakati wa kumwaga, basi tuko pamoja.

Sasa usikisie. Fungua terminali mbili, moja uandike sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa kiini cha Linux, ya pili top, inayoonyesha programu zinazofanya kazi. Halafu futa kitu kikubwa usichokihitaji. Skrini ikisimama, jaribu Ctrl+Alt+F3 uingie upande wa maandishi matupu, mara nyingi huko kunapumua. Kwenye top tazama namba iliyo mbele ya wa, yaani asilimia ya muda prosesa inaongoja diski, na zile programu zenye herufi D kwenye safu ya S. D maana yake inangoja diski, na ikiwa imengoja hivyo hata kill -9 haiisikii. Kwangu wa ilipanda ikapita 90 na prosesa imekaa haina kazi. Na dmesg kimya, hata mstari mmoja wa kosa haukutoka. Yaani diski haikulalamika, ila wote walikuwa wamepanga foleni mbele yake.

Kimya kile ndicho kilichonipeleka kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia Linux diski zifunguliwe vipi, na humo nikakuta neno discard, kwenye mstari wa diski yangu ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka. Nililiweka mwenyewe, nimelinakili mahali bila kujua kazi yake! Neno hilo linaiambia Linux kwamba kila faili likifutwa, hapo hapo iiarifu SSD kuwa vipande kadha wa kadha havina mwenyewe tena. SSD nzuri inapokea taarifa hizo na kuendelea na kazi. Ya bei rahisi kama yangu inasimamisha kila kitu mpaka imalize kuzishughulikia. Nikalitoa neno hilo, nikawasha upya, nikahakikisha kazi ile inafanywa mara moja kwa wiki kwa sudo systemctl enable --now fstrim.timer. Tangu siku hiyo harusi nzima inafutika kabla sijateremsha kikombe.

Kipimo chake ni rahisi: andika sudo fstrim -v / ukiwa huna kazi ya haraka. Ikiganda vile vile, umempata mwizi wako. Kama unatumia Btrfs, aina nyingine ya mfumo wa mafaili, tazama pia kama umewasha kota (mipaka ya nafasi) au umejaza snapshoti (nakala za hali ya diski), hizo zinaifanya hesabu ya kufuta kuwa ndefu mno.

Lakini dmesg isipokuwa kimya, kesi ni nyingine kabisa. Binamu yangu yupo Mkoani, duka lake linatazama bandari, na kompyuta yake ya mezani ilikuwa ikiganda mfano wa yangu, ila yeye hata kusoma kulikuwa kukikwama mara moja moja. Nikamwambia anipigie picha skrini. Imejaa hard resetting link na WRITE FPDMA QUEUED, yaani kiungo cha diski kinaanzishwa upya na amri za kuandika zinashindwa. Tukapiga sudo smartctl -a /dev/sda, inayosoma ripoti ya afya ya diski: mstari wa 5 na wa 197, yaani Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zinazohesabu vipande vibovu vya diski, zote sifuri. Wa 199, UDMA_CRC_Error_Count, unaohesabu makosa ya data ikiwa njiani, ulikuwa unapanda kila tukitazama. Huo si ugonjwa wa diski, ni wa njia ya kupitia. Alipochomoa waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, akakuta vijino vimeshika ukungu wa kijani; upepo wa bahari haumwachi mtu. Waya mpya, akasafisha kiungio, ikatulia. Ile namba ya 199 hairudi sifuri, muhimu isiongezeke tu. Ingekuwa ni 5 au 197 inapanda, ningemwambia aache kufuta na kila kitu, anakili vyake kwanza, maswali baadaye.

Watakuja wengine humu wakwambie utumie ionice, amri ya kupanga programu ipi itangulie kwenye diski. Kwenye SSD za NVMe mara nyingi ni kupoteza muda, maana kipangaji chake cha foleni huwa ni none, na huyo hajali nani mkubwa nani mdogo.

Ikiganda moja kwa moja, usishike kitufe cha umeme. Sie wa Unguja tuliopita ile miezi mitatu ya kiza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, tumezoea mashine kuzimika ghafla mpaka tunaona ni kawaida. Shika Alt na PrintScreen, kwa laptopu nyingine na Fn pia, kisha bonyeza S, subiri kidogo, U, subiri, B. Ubuntu inaziruhusu hizo tatu: zinaandika kwenye diski kilichobaki kwenye memori, zinazuia diski isiandikwe tena, zinawasha upya. Ukishuku mfumo wa mafaili umeumia, na ni ext4, si Btrfs, piga e2fsck -f kutoka kwenye flashi ya Ubuntu, kamwe si kwenye diski inayotumika wakati huo.

Niletee mistari ya dmesg ya dakika ile inapoganda, /etc/fstab yako, na smartctl. Namba ya utambulisho ya diski (Serial Number) ifute kabla hujabandika.