WASOMAJI WAULIZA: Kwa nini Machame ni Walutheri na Kibosho ni Wakatoliki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva na kiongozi wa watalii hapa Arusha. Ninapowapeleka wageni kwenye lango la Machame, mlimani Kilimanjaro, mara nyingi huniuliza kwa nini vijiji vinavyotenganishwa na korongo tu vina makanisa ya madhehebu tofauti. Juzi mgeni mmoja, mwalimu wa jiografia, alinieleza kwamba dini za ulimwengu ziko za aina mbili, za watu wote na za watu maalumu, nami nikamjibu kwamba bila shaka kubwa ndizo za wote na ndogo ndizo za makabila. Alitabasamu tu. Nilikosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, ulikosea pale ulipozipima dini kwa wingi wa waumini. Uhindu una waumini zaidi ya bilioni 1, na bado wanajiografia huuweka kundi moja na Uyahudi, wenye wafuasi wapatao milioni 15, kwa sababu wanachokitazama ni mlango wa kuingilia: mtu huipataje dini hiyo, nayo imefungamana kiasi gani na ukoo wake na ardhi yake. Ukristo, Uislamu na Ubudha ni dini za kulingania, kwa maana zinamwita mtu yeyote, popote alipozaliwa, na zimekuwa zikituma watu kwenda kuwaita wengine. Uhindu, Uyahudi na dini za asili za Kiafrika ni dini za kurithi, ambazo mtu huzikuta nyumbani kama anavyolikuta jina la ukoo, ingawa Uyahudi huwapokea waongofu wanaoomba wenyewe. Makalasinga, yaani wafuasi wa dini ya Sikh, hawakai vizuri katika mgawanyo huu, kwani imani yao iko wazi kwa kila mtu lakini walio wengi ni watu wa Punjab au wazao wao. Ni vyema kuwakumbuka kila tunaposhawishika kuyageuza makundi haya kuwa masanduku yenye kufuli.

Tofauti hiyo huonekana katika ramani. Ubudha ulizaliwa kaskazini mwa Bara Hindi, mfalme Ashoka akaueneza katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na leo Wabudha hawafiki asilimia 1 ya watu wa India ilhali ndio walio wengi Thailand na Sri Lanka. Dini ya kulingania inaweza kupungukiwa na waumini katika chimbuko lake na isife. Sasa tazama Ol Doinyo Lengai, ambao wageni wako huufahamu kwa volkano yake. Jina lenyewe lina maana ya Mlima wa Mungu, na Wamaasai wameuendea tangu zamani kumwomba Engai, Mungu wao, lakini hakuna aliyewahi kutumwa kwa Wasukuma kuwashawishi waugeukie.

Nije kwenye makorongo yako. Dini husafiri pamoja na watu wanaohama, hupita kutoka jirani hadi jirani, au huanzia kwa mtawala na kuwashukia walio chini yake. Uislamu ulikuja pwani yetu kwa biashara ya baharini, na msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107; baadaye sana ulifuata njia za misafara hadi miguuni mwa Kilimanjaro. Ukristo wa mlimani, kwa maoni yangu, hauwezi kueleweka bila wamangi, yaani watawala wa Wachagga. Mlima haukuwa na mtawala mmoja. Vilima vilivyo kati ya mito vilikuwa na wamangi wao, na baadhi yao, kama Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho, walikuwa mahasimu wakubwa. Mmisionari hakuweza kujenga bila idhini ya mangi, naye mangi alimpima mgeni huyo kwa manufaa yake. Rindi aliwapokea Waanglikana wa Uingereza mwaka 1885, lakini waliondoka mwaka 1892 baada ya mapigano kati ya Wajerumani na Meli, mwanawe Rindi. Nafasi yao ikachukuliwa na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walioanza kazi Machame mwaka 1893. Wakati huo mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikwisha kufika Kilema, na Kibosho nayo ikawa yao. Kituo kilipokuwa na shule, mtoto alikwenda ile iliyokuwa upande wake wa korongo, akabatizwa huko, akaoa huko, na mpaka wa umangi ukawa mpaka wa dhehebu.

Kazi hiyo haikukosa hatari. Huko Akeri, Meru, wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa mwaka 1896 mara tu baada ya kufika.

Ila usiwaambie wageni kwamba kila mtu wa Machame ni Mlutheri, kwa sababu huko kuna Waislamu wa tangu zamani, na mji wa Moshi, uliokua baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911, ni mchanganyiko mtupu. Wakikuomba asilimia, wajibu kwamba sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967.

SWALI: Je, safari ya Wachagga kurudi mlimani kila Desemba inaweza kuitwa hija?
Msomaji, Moshi

JIBU: Utani wako una hoja ndani yake, lakini hapana. Hija huwakusanya waumini wa kila taifa mahali pamoja palipotukuka kwa wote, kama Makka, ambako ndiko pia Mwislamu anakoelekea anaposwali, akiwa Moshi huelekea kaskazini na kuegemea mashariki kidogo, akiwa Indonesia huelekea kaskazini-magharibi. Safari ya Desemba humpeleka kila mtu kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake mwenyewe, na kihamba cha jirani hakimhusu. Huko atakwenda kanisani asubuhi ya Krismasi, na hiyo ni dini ya kulingania; lakini kilichomtoa Dar es Salaam kwa saa kumi za basi ni makaburi yaliyo kati ya migomba, yenye msalaba upande wa kichwani na mara nyingi masale yaliyopandwa pembeni, mmea uleule unaoonyesha mpaka wa shamba na unaopelekwa kwa mtu unapotaka akusamehe. Mwanajiografia akilitazama kaburi hilo ataziona dini za aina zote mbili, na mwenye kihamba atashangaa kuambiwa kwamba ni mbili.