Kijana, Mlembe na Pori: Ukitaka Wasikiane kwa Fikra

Hadithi ya kijana aliyepotea porini hufa siku mnyama anayesikiana naye kwa fikra anapogeuka ramani. Kiu imekwisha, njaa imekwisha, kimebaki nini cha kusoma? Kwa hiyo, kabla ya sura ya kwanza, amua mnyama huyo anajua nini, kisha usimwongezee hata chembe.

Mchukue mlembe. Ndege huyu huwaita watu kwa kelele, huruka mti hadi mti na kuwangoja, mpaka wafike kwenye pango la mti lenye nyuki. Binadamu huchukua asali, yeye hula nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Barabara haijui, kijiji hakijui. Basi kinachomfikia kijana kichwani kiwe harufu ya nta, tundu kwenye shina, hofu ya kuumwa. Maneno yasiwepo, wala "kilomita mbili magharibi".

Mwito nao una kwao. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, kwa kutetemesha ulimi na kumalizia na mguno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa ndege huitikia zaidi mwito wa mahali pao. Kijana wa Kiyao aliyepotea Eyasi ataita sana kabla ya kujibiwa, na hapo una sura nzima.

Akifika kwenye mti, asali bado si yake. Nyuki wetu ni wakali. Bila moshi hataweza. Waandishi wengi huruka hapa, nami nasihi msiruke: lazima kwanza apekeche moto. Ulindi, kijiti kigumu kilichonyooka, huzungushwa kwa viganja juu ya uwimbombo, kipande cha mti laini mkavu kilichochongwa kishimo chenye mfereji pembeni. Viganja huteremka vikikandamiza; vikifika chini hurudishwa juu upesi, maana joto hupotea haraka. Unga ukitoka wa kahawia, joto halitoshi. Unapaswa kuwa mweusi na kufuka moshi. Mti wenye unyevu hautatoa kaa. Kaa likipatikana bila nyasi kavu laini za kulipokea, huzima, na viganja vimeshatoka malengelenge. Asali nayo humzidishia kiu, kwa hiyo maji yabaki shida yake.

Jambo zito zaidi ni kumbukumbu za ndege. Mlembe hutaga kwenye kiota cha ndege wa jamii nyingine, na kinda wake, akiwa bado kipofu, huua makinda wa mwenyeji kwa ndoano iliyo kwenye ncha ya mdomo. Picha hiyo imfikie kijana usiku, gizani, bila maelezo. Wahadzabe wakati mwingine huchoma au kufukia nta ili ndege abaki na njaa, aendelee kuongoza. Asubuhi kijana ameishika nta mkononi, na njaa ya ndege anaisikia tumboni mwake mwenyewe. Andika anachofanya.